Kwa nini mtoto hulia mama akitoka

Mtoto anayelia mama akitoka tunasema anadeka. Daktari John Bowlby wa Uingereza, katika kitabu chake cha 1969, alifundisha tofauti: zamani za kale mtoto aliyeachwa peke yake aliweza kuliwa na wanyama, aliyelia na kushikamana na mlezi alipona. Kilio kilikuwa ulinzi.

Mwaka 1954 na 1955 Mary Ainsworth aliwatazama watoto hapa jirani, Uganda, vijijini karibu na Kampala. Mtoto mwenye mama anayemwitikia hutambaa mbali bila hofu, kisha humrudia.

Kuhusu asili ya mwanadamu, wengi wetu hatumfuati Bowlby. Lakini kambini, mtoto aliyepotezana na mama tusimhamishe kila juma nyumba hii na ile. Abaki na mlezi mmoja, hata akiwa jirani tu.