Pesa za Harusi Ziliishia Korongoni

Safari ya siku tatu Ziwa Natron ilitugharimu injini ya gari la watu, akiba ya harusi na uongo mmoja. Haya ndiyo mambo ambayo laiti ningeyajua kabla ya kuondoka nyumbani.

Umewahi kulala ndani ya gari na mtu usiyemsemesha? Mwenzenu nimelala. Ilikuwa Machi 2017, ukingoni mwa Ziwa Natron, miezi mitatu kabla ya harusi yetu, na mtu mwenyewe ndiye niliyekuwa naenda kufunga naye ndoa.

Wazo lilikuwa lake. Vikao vya harusi vilikuwa vimetuchosha, kila Jumapili ni kadi, ukumbi, sare za kamati, nani kaahidi na nani hajalipa. Akasema twende mahali ambapo simu hazishiki. Kaka yake akatuazima Prado yake ya dizeli na kutukabidhi funguo kwa sentensi moja tu: "Hilo gari ndilo linalonilisha, mnanielewa?" Tukaitikia kama watoto wa shule.

Kutoka Arusha mpaka Mto wa Mbu ni lami. Pale unawaacha watalii waendelee zao Ngorongoro, wewe unakata kulia kuelekea Engaruka na Engare Sero, zaidi ya kilomita 100 za njia ambayo wakati ule ilikuwa vumbi, mawe na makorongo. Kushoto kwako ukuta wa Bonde la Ufa, mbele Oldoinyo Lengai, ambao Wamaasai wanauita Mlima wa Mungu. Na vumbi la kule siyo vumbi la kawaida. Lina majivu ya volkano, laini kama unga wa sembe.

Majivu hayo ndiyo yaliyotukwamisha mara ya kwanza, ila hilo nitalipita haraka kwa sababu kosa lilikuwa dogo. Matairi yalikuwa na upepo wa kutembelea lami, PSI 32 hivi. Kijana mmoja dereva wa watalii akasimama, akacheka, akatoa kipimo chake na kupunguza upepo matairi yote manne mpaka 18. Tairi likilegea linatanuka, linakanyaga eneo kubwa zaidi, kwa hiyo linapita juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Tukatoka bila hata kusukumwa. Akatuonya tusikimbie wala tusikate kona kwa fujo, maana tairi lenye upepo kidogo linaweza kuchomoka kwenye rimu, na tukifika lami tujaze upya. Dakika kumi tu. Mimi nina leseni tangu 2011 na hakuna aliyewahi kuniambia hilo.

Tatizo ni kwamba baada ya pale mchumba wangu akapata kichwa.

Jioni tukaliona ziwa. Heroe walikuwa mbali huko, mstari wa waridi juu ya maji, na kati yetu na wao uwanja mweupe uliotandazwa kama shuka. Akataka tuwasogelee tupige picha. Niliona alama za magari mengine zote zimeishia pale pale tulipokuwa. Nikamwambia, "Tushuke kwanza tuangalie." Akanijibu, "Mama, hii ni fowili."

Jamani, hakuna sentensi iliyozamisha magari mengi kama hiyo. Fowili inakupa matairi manne ya kusukuma badala ya mawili. Haikupunguzii uzito hata kilo moja. Na Prado ni tani mbili. Ule uwanja mweupe ni magadi: jua linakausha maji ya juu, yanabaki magadi magumu kama ukoko wa wali, na chini yake ni tope jeusi lililolowa chepechepe. Mtu anapita kwa miguu bila wasiwasi. Gari ni habari nyingine.

Tulikwenda kama mita arobaini, ukoko ukapasuka. Nilisikia kabisa, kama mtu kavunja sahani chini yetu. Akafanya wanachofanya wengi, akakanyaga mafuta. Matairi yakazunguka, tope likaruka mpaka kwenye kioo, gari likashuka, akakanyaga tena, likashuka zaidi, mpaka likakaa na tumbo. Baadaye nilielezwa kwamba ile sekunde ya kwanza, gari lilipolegea tu, tulitakiwa tusimame na kurudi nyuma taratibu kwa kufuata alama zetu wenyewe, mahali ambapo ardhi ilikuwa imeshatubeba. Kila mzunguko wa tairi baada ya hapo ulikuwa unatuchimbia kaburi.

Tukatoa jeki. Jeki nayo ikazama, kwa sababu hatukuwa na ubao wa kuweka chini yake. Beleshi hatukuwa nalo. Simu hazishiki, kama alivyotaka mwenyewe. Maji ya kunywa tulikuwa na chupa mbili za lita moja na nusu, kila mtu ya kwake. Kisha nikasema neno ambalo nadhani lifutwe kwenye kamusi: "Nilikwambia." Nililisema kama mara nne. Ya nne akanijibu, "Basi ungeendesha wewe." Nikaiweka moyoni.

Usiku ule nilijifunza kwamba kiti cha Prado kinalala lakini hakilaliki. Joto, harufu ya magadi, fisi wanalia sijui wapi. Hatukusemeshana. Asubuhi chupa yangu ilikuwa tupu, niliimaliza usiku kwa hasira. Ya kwake ilikuwa imejaa.

Wa kwanza kufika walikuwa watoto wawili na mbuzi wao. Wakaenda, wakarudi na mzee mmoja na morani sita. Mzee akalizunguka gari, akauliza kwa upole kabisa: "Mlikuwa mnatafuta nini huku?" Hatukuwa na jibu. Vijana wakachimba kwa mikono na sufuria letu, wakabeba mawe kutoka nchi kavu na kuyapanga mbele ya kila tairi. Kufika saa tano likaja Land Cruiser la kambi moja ya wageni, likasimama mbali kwenye ardhi ngumu.

Hapo naomba mnisikilize vizuri, maana hapa watu hufa. Mchumba wangu alikuwa keshaanza kufunga kamba kwenye ule mpira wa chuma wa kuvutia trela. Dereva wa Land Cruiser akamzuia kwa kelele. Kamba ikivutwa kwa nguvu ule mpira unaweza kukatika, ukaruka kama risasi ukapita kwenye kioo na kichwa cha mtu. Kamba inafungwa kwenye ndoano iliyoshikwa na chasisi. Kwa sababu tulikuwa mbali aliunga kamba tatu, akazipitisha vitanzi ndani ya vitanzi, bila chuma katikati. Akatundika blanketi zito juu yake ili ikikatika isirushwe mbali, na wote tuliosimama akatusogeza nyuma zaidi ya urefu wa kamba. Ndipo akavuta, polepole. Prado likatoka kwa mlio wa kufyonza, kama mtu anavyochomoa buti kwenye tope.

Mchana tukapelekwa kuona nyayo za Engare Sero. Ziko zaidi ya 400, za watu waliopita kwenye tope la majivu maelfu ya miaka iliyopita, likakauka na kugeuka jiwe. Unaona mpaka vidole. Mchumba wangu akazitazama weee, halafu akasema, "Angalau hawa walipita." Tukacheka kwa mara ya kwanza tangu jana yake. Laiti safari ingeishia pale.

Siku ya tatu niliomba usukani. Niseme ukweli, sikuuomba kwa sababu nilipenda kuendesha, nilitaka kumwonyesha. Nikavuta kiti mbele mpaka mwisho, maana Mungu alininyima urefu, na tukaondoka alfajiri.

Usiku mvua ilikuwa imenyesha huko juu ukingoni mwa bonde. Chini kwetu hata tone. Lakini korongo tulilolivuka likiwa mchanga mkavu tukija, sasa lilikuwa mto, maji ya kahawia yanakimbia na vijiti. Ng'ambo hii walikuwepo watu wamekaa kwenye mawe: akina mama wa sokoni, bodaboda, Fuso la mahindi. Hakuna aliyekuwa na haraka. Mama mmoja akaniambia, "Ngoja mwanangu, haya yanapungua mchana." Mchumba wangu akasema tusubiri. Nikamjibu, "Juzi wewe ulisubiri?"

Kisha Fuso likaingia, likapita. Nikasema moyoni, Fuso limepita, sisi nani?

Fuso ni refu kuliko Prado, ndiyo jibu. Na lilipopita lilichimba, kwa hiyo shimo nililolikuta mimi yeye hakulikuta. Kwenye maji usiyoyajua unatakiwa kupita kwa miguu kwanza, na fimbo mkononi, upime kina na ugumu wa chini. Kama huwezi kusimama humo, gari nalo lisiingie. (Kwenye mito yenye mamba au viboko usipime chochote, kaa kwenye kivuli usubiri.) Maji yanayokimbia ya sentimita 30 tu yanaweza kubeba gari dogo, na ya sentimita 60 yanabeba magari mengi, hata hayo marefu tunayojivunia. Yangu yalikuwa juu ya goti.

Niliingia kwa kasi, nikidhani kasi itanisaidia. Inatakiwa gia ndogo na mwendo mmoja wa taratibu, maji yasukumwe mbele ya bampa yasirudi kwenye injini. Mimi nikadumbukia kwenye shimo, maji yakapanda boneti, nikashtuka nikaachia mafuta, nikakanyaga tena. Injini ikazima.

Nikawasha.

Akapiga kelele, "Usiwashe!" Ikasikika ko! Nikawasha tena. Ko! Ndipo akanishika mkono.

Fundi alinieleza baadaye, kwa uvumilivu wa ajabu. Injini inavuta hewa. Ikivuta maji badala ya hewa, pistoni inapanda na kukuta kitu kisichobanika, na kwa kuwa maji hayakubali kubanwa, kinachopinda ni chuma. Gari likizima majini usiguse swichi. Livutwe mpaka nchi kavu, zifunguliwe hita plagi kama ni dizeli, au plagi kama ni petroli, maji yatemwe nje, chujio la hewa likaguliwe, oili iangaliwe kama imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Pengine lingepona. Alinionyesha konirodi mbili zilizopinda kama vijiko vya bati.

Brekidauni mpaka Arusha laki saba. Injini milioni nne na laki sita. Bima ya shemeji ilikuwa ile ndogo, inayolipa uliyemgonga na siyo gari lako. Akaunti yetu ya harusi ilikuwa na milioni sita na kidogo. Piga hesabu mwenyewe. Ukumbi tuliuhamisha kutoka Juni mpaka Novemba, na kamati ikaambiwa kuna dharura.

Lakini sijawasimulia lililonikosesha usingizi. Tukiwa tumekaa kwenye yale mawe tukisubiri brekidauni, pamoja na wale akina mama (ambao walivuka mchana kwa miguu, maji kwenye kifundo), mchumba wangu akasema, "Nitamwambia kaka nilikuwa naendesha mimi. Ndiyo kwanza unaingia kwetu, usiingie na hili." Nikatikisa kichwa kukubali. Sikubisha hata kidogo.

Jumamosi iliyofuata tukaitwa. Kaka yake alimfokea mbele ya mama yao kwa nusu saa nzima: hana akili, hana adabu na mali ya mtu, ataoaje mtu asiyejua kusubiri maji yapungue? Mchumba wangu anaangalia viatu vyake. Mimi nikamimina chai. Nikazungusha na vitumbua.

Nilikaa na jambo lile wiki tatu. Kila alipochelewa kujibu meseji nilidhani ananifikiria vibaya, na nikimwuliza anasema yuko kwenye foleni tu. Nilikuwa nimemnunia usiku kucha kwa kosa alilolifanya mbele ya macho yangu na kulikiri. La kwangu nilikuwa nimelificha nyuma ya mgongo wake, na yeye ndiye aliyegeuka ili lisionekane.

Basi siku moja nikatoka kazini nikapanda daladala mpaka kwa shemeji. Sikumwambia mtu. Nikamkuta barazani, nikaongea mfululizo bila kupumzika: mimi ndiye niliyeendesha, mimi ndiye niliyekataa kusubiri, mimi ndiye niliyewasha mara ya pili. Akaniacha nimalize.

"Shemeji," akasema, "gari lilipofika gereji, mimi ndiye niliyefungua mlango wa dereva. Kiti kimevutwa mbele mpaka mwisho. Huyu mdogo wangu angekaa pale, magoti yangemfika masikioni."

Nikamwuliza, sasa mbona alimfokea vile?

"Unadhani nilikuwa namfokea nani?"

Akaita chai. Wiki tatu, akasema, siyo mbaya, yeye alikuwa amekadiria miezi miwili. Harusi aliichangia, na Novemba ile ndiye aliyetupeleka ukumbini kwa Prado ile ile, ikiwa na injini yetu ndani. Ila usukani alishika mwenyewe, na funguo hajawahi kunipa tena mpaka leo.