Msaada kwa Watoto Maskini: Fedha Hufanya Kazi Gani?

Wahenga walisema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Lakini yule asiye na mama wa kumfunza, afanyweje? Mtoto huyo hakukataa mafunzo. Alikosa mtu wa kumpa. Ulimwengu nao hufunza kwa ukali, na karo yake hushinda ya shule yo yote.

Watu wengi husikia kwamba vyama vya hisani hutoa fedha kwa ajili ya watoto maskini, nao huuliza: Fedha hizo huenda wapi, na mtoto hufaidiwa nini? Swali hilo ni la haki. Ili kulijibu, na tutazame mfano mmoja ujulikanao sana katika Kenya, yaani Kituo cha Wavulana cha Starehe, Nairobi.

Katika miaka ya Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952 na kuondolewa Januari 1960, wazazi wengi waliuawa au walitiwa kizuizini. Watoto wengi walibaki bila mlezi, na baadhi yao wakaingia Nairobi, wakawa wakiombaomba na kulala po pote palipowasitiri. Mwezi wa Novemba 1959, mabwana watatu, Geoffrey Griffin, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, walianzisha kituo kwa ajili ya watoto wa namna hiyo. Majengo ya kwanza yalikuwa vibanda viwili vya mabati, navyo vilitolewa na makampuni ya mafuta ya Shell na BP.

Hapo twaona aina ya kwanza ya msaada, nao ni msaada wa kuanzia. Hutolewa mara moja, na kazi yake ni kujenga na kununua vyombo. Lakini bati halili wala haliugui. Mtoto hula kila siku, na homa haimwulizi kama ana fedha. Kwa hiyo yahitajika aina ya pili, ndiyo msaada wa kila mwaka. Mfadhili huchukua gharama za mtoto mmoja mpaka amalize masomo: chakula, sare, vitabu, dawa, na sehemu ya mshahara wa mwalimu. Save the Children Fund, chama kilichoanzishwa Uingereza mwaka 1919, kilikuwa miongoni mwa wasaidizi wakubwa wa Starehe katika miaka ya mwanzo.

Aina ya tatu ni akiba. Fedha huwekwa mahali pa kuzaa faida, na faida peke yake ndiyo itumiwayo. Faida yake ni hii: mfadhili akifa au akichoka, mtoto hafukuzwi darasani.

Pengine msomaji atasema, kwa nini nisimpe mtoto mwenyewe shilingi zangu barabarani? Ni kweli kwamba mwenye njaa hupewa chakula kwanza. Lakini shilingi ile huisha kabla ya jua kuchwa, na mara nyingi hunyang'anywa na walio wakubwa kuliko yeye. Kesho atakuwa pale pale. Fedha zile zile, zikiunganishwa na za wengine na kutunzwa kwa hesabu, humpa mwalimu, na kitanda, na miaka ya kukua. Haba na haba hujaza kibaba, lakini hapana budi kibaba kiwepo.

Jambo jingine ni kulinda heshima ya mtoto. Desturi ya Starehe imekuwa kuwasomesha bure wavulana wengi wasio na uwezo, na kuwapokea pia wengine ambao wazazi wao hulipa. Wote huvaa sare moja na kula meza moja, hata mgeni hawezi kumtambua aliyesomeshwa kwa hisani.

Tena, elimu ya vitabu peke yake haitoshi kwa kijana asiye na nyumba ya kurudia. Hana budi kujifunza kutunza mwili na mali yake, kufanya kazi kwa mikono, kuongoza wenzake na kuongozwa. Starehe wavulana husafisha wenyewe mahali wanapoishi, na tangu zamani wameelekezwa kutumia sehemu ya likizo kufanya kazi ya kujitolea, kama vile katika hospitali. Hivyo aliyepokea hujifunza kutoa, wala hakui akidhani kwamba kazi yake ni kunyosha mkono.

Bwana Griffin aliongoza kituo hicho mpaka alipofariki mwaka 2005. Mwaka huo huo kilifunguliwa Kituo cha Wasichana cha Starehe, maana umaskini hauchagui mvulana wala msichana.

Tangu mwaka 2003 Serikali ya Kenya iliondoa karo katika shule za msingi za umma. Hata hivyo sare, chakula na gharama za bweni zingali zikiwashinda wengi. Basi ye yote atakaye kusaidia, awe na shilingi kumi au elfu kumi, na aulize mambo matatu kabla ya kutoa: Watoto huchaguliwaje? Hesabu husomwa mbele ya nani? Na mtoto akiondoka hapo, atakuwa anaweza kufanya nini kwa akili na mikono yake? Chama chema hakichukizwi na maswali hayo.