Nyonga Bandia: Kwa Saruji au Bila Saruji?

Kando ya ziwa Tanganyika, upande wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kuanzia Kavimvira hadi Kalundu na kuteremka kuelekea Makobola na Baraka, nyonga huharibika kwa njia nyingi. Mkwezi wa michikichi huanguka akikata mikungu ya chikichi. Pikipiki huteleza kwenye barabara ya Bukavu. Bibi ambaye mifupa yake imedhoofika kwa umri hujikwaa usiku akienda msalani, na shingo ya mfupa wa paja inavunjika. Yupo pia kijana mwenye selimundu, ambaye chembe zake za damu huziba mishipa midogo mpaka kichwa cha mfupa wa paja kinakosa damu na kufa, pengine akiwa bado shuleni.

Kwa wengi wa hawa, tiba inayoweza kuwarudishia mwendo ni kuwekewa nyonga bandia. Upasuaji huo unahitaji vifaa na wataalamu wasiopatikana kila mji, kwa hiyo familia ya mji wa Uvira huanza kuulizia Bukavu, Bujumbura ng'ambo ya mpaka, na wenye uwezo hata Nairobi au Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam. Maswali huwa mawili: ni wapi, na ni bei gani? La tatu husahaulika, ingawa lina uzito mkubwa: chuma cha nyonga hiyo kitashikiliwa na nini ndani ya mfupa?

Njia kuu ni mbili. Ya kwanza ni saruji ya mfupa. Mwanzilishi wake mkubwa ni John Charnley, daktari wa Kiingereza aliyefanya kazi katika hospitali ya Wrightington. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alianza kutumia kama saruji aina ya plastiki ambayo madaktari wa meno walikuwa wakiitumia tayari, na Novemba 1962 akaweka nyonga yenye kichwa kidogo cha chuma kinachozunguka ndani ya kikombe cha plastiki ngumu. Nyonga nyingi zinazowekwa leo bado zinafuata msingi huo.

Saruji hiyo huja kama unga na maji ya dawa, vinavyochanganywa palepale kwenye chumba cha upasuaji. Kwa dakika chache huwa laini, kisha hupata joto na kuganda. Haigundishi chuma na mfupa kwa kunata. Huingia katika vitundu vya mfupa na kujaza nafasi, kama udongo unaoshikilia mawe ya ukuta. Mgonjwa anaweza kukanyaga mguu wake mapema, mara nyingi siku inayofuata, kwa sababu chuma kimeshika tangu dakika ile saruji ilipoganda. Dawa ya kuua vijidudu pia inaweza kuchanganywa ndani yake.

Njia ya pili haitumii saruji. Mfereji wa mfupa huchongwa kwa kipimo, kisha shina la titani lenye uso wa kukwaruza, au lililopakwa madini yanayofanana na ya mfupa, hugongwa humo mpaka likaze. Katika wiki na miezi inayofuata, mfupa wenyewe hukua na kulishika. Chuma na mfupa vinakuwa kitu kimoja kilicho hai upande mmoja. Ipo pia njia ya mchanganyiko: kikombe bila saruji, shina kwa saruji.

Katika miaka ya 1980 nyonga nyingi za saruji zilionekana kulegea baada ya muda, na madaktari wengi wakailaumu saruji. Lawama hiyo ndiyo iliyoipa nguvu njia ya pili. Baadaye ilibainika kwamba chanzo kikubwa kilikuwa chembe ndogo za plastiki zilizosagika kutoka kwenye kikombe: mwili ulipopambana nazo, ulikula na mfupa wa jirani. Plastiki imeboreshwa tangu wakati huo, lakini dhana kwamba saruji ni ya kizamani imebaki vichwani mwa watu.

Ushahidi hauiungi mkono dhana hiyo, hasa kwa wazee. Mwaka 2022 jarida la tiba la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa Uingereza uliohusisha watu 1,225 wenye umri wa miaka 60 na zaidi, waliovunjika shingo ya mfupa wa paja na kubadilishiwa nusu ya nyonga. Waliowekewa kwa saruji walikuwa na hali bora zaidi ya maisha miezi minne baadaye. Mfupa ulivunjika kuzunguka chuma kwa asilimia 0.5 yao, dhidi ya asilimia 2.1 ya wale waliowekewa bila saruji. Sababu inaeleweka: mfupa wa mzee ni mwembamba, na kugongewa shina kwa nguvu kunaweza kuupasua.

Saruji ina hatari yake pia. Inaposukumwa ndani ya mfereji, mafuta na uboho vinaweza kuingia kwenye damu, na shinikizo la damu au oksijeni vikashuka ghafla. Mtaalamu wa usingizi lazima awe macho, na oksijeni iwepo bila kukatika. Joto la chumba nalo huharakisha kuganda, jambo ambalo timu inayofanya kazi katika hali ya hewa ya ziwani haiwezi kulipuuza.

Kwa kijana mwenye selimundu mambo hugeuka. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni kati ya nchi tatu ambako watoto wengi zaidi duniani huzaliwa na ugonjwa huu, pamoja na Nigeria na India. Nyonga ya kijana itabeba kazi ya miaka mingi, na katika wagonjwa hawa nyonga nyingi za saruji zililegea mapema. Ndiyo maana madaktari wengi leo wanachagua njia isiyo na saruji. Kazi yenyewe ni ngumu: mfereji wa uboho mara nyingi umejaa mfupa mgumu, na chombo cha kuchonga kinaweza kutoboa pembeni. Inahitaji mkono uliozoea, pamoja na mashina ya saizi nyingi tayari mezani.

Malawi imeonyesha kwamba nchi yenye uwezo mdogo inaweza kufuatilia kazi hii. Daftari la taifa la viungo bandia lilianzishwa huko mwaka 2005, na taarifa zake za kwanza zilionyesha kwamba sababu kuu ya kubadilisha nyonga ilikuwa kufa kwa kichwa cha mfupa wa paja, tofauti na Ulaya ambako uchakavu wa uzeeni ndio unaoongoza. Kongo ya Mashariki inahitaji daftari la namna hiyo, ili chuma alichowekewa mtu Bujumbura kijulikane na daktari atakayempokea Bukavu.

Kwa bibi aliyevunjika nyonga, saruji ni chaguo zuri na mara nyingi la bei nafuu zaidi. Asikubali kuambiwa kwamba amepewa kitu duni. Kwa kijana mwenye mfupa imara au selimundu, njia isiyo na saruji ina sababu nzuri, mradi hospitali inayo mazoea nayo. Kabla ya kulipa, muulize daktari ni njia gani atatumia na kwa nini, ni nyonga ngapi za aina hiyo ameshaweka, na nani atakupima mwaka ujao. Baada ya upasuaji, omba karatasi yenye jina na saizi ya chuma, uitunze pamoja na picha za eksirei. Na maumivu ya paja yakianza upya, hata kama imepita miaka kumi, rudi hospitalini mapema.