Mzee kastaafu, wosia bado uko 1996!

Jumapili moja mchana, nyumbani kwa wazazi wangu Tabata, mzee alinituma chumbani nikamletee miwani. Kwenye droo nikakutana na bahasha ya kaki imeandikwa kwa wino: WOSIA, 1996. Nilitakiwa niiache. Sikuiacha.

Nilisoma nimesimama, moyo unanidunda. Nyumba apewe kaka yangu mkubwa. Kiwanja cha Kibaha kigawanywe kwa waliobaki. Mama "atatunzwa na mwanangu". Msimamizi ni baba mkubwa.

Sasa hesabu na mimi, msomaji. Kiwanja cha Kibaha kiliuzwa mwaka 2009, tukalipiwa ada. Baba mkubwa tulimzika 2015. Mdogo wetu wa mwisho hayumo kabisa, maana 1996 alikuwa hajazaliwa. Na mama, aliyechoma vitumbua alfajiri mpaka nyumba ikaezekwa, kaachwa mikononi mwa kijana ambaye siku hizi ana familia yake Mwanza.

Na mimi je? Hapo ndipo penye kimeo. Mwaka 2019, mimi na mume wangu tulijenga vyumba viwili na choo nyuma ya nyumba hiyo hiyo, kwa mkopo wangu wa kazini. Mzee alisema, "Jengeni tu, hapa ni kwenu." Karatasi? Hakuna.

"Utaonekana unamtakia kifo"

Usiku nikamsimulia mume wangu. Akakaa kimya, kisha akasema, "Ukimwambia, atajua umepekua. Na kaka yako atasema mimi ndiye niliyekutuma."

Alikuwa na haki ya kuogopa. Kwetu, kumuuliza mzazi habari za wosia ni uchuro. Mkwe akiligusa hilo, ndo kabisa! Nikaamua kunyamaza.

Wiki iliyofuata nikamkuta mama anapaka rangi geti, yeye mwenyewe, kajifunga kanga kiunoni. Nikamtania kwamba angeajiri fundi. Akacheka: "Mwanangu, geti langu hili. Siku nikifa mnitolee hapa hapa." Nilijifanya naingiwa na vumbi machoni.

Jioni ile nikapiga magoti mbele ya mzee, nikamwomba radhi kwa kupekua, nikamwambia nilichosoma. Habari za vyumba vyetu sikugusia. Nilisema tu, "Baba, mama hana mahali humo."

Alikasirika, jamani! Wiki mbili salamu yangu aliijibu akiangalia televisheni. Ya tatu akapiga simu: "Kesho unisindikize kwa wakili. Ila ndani huingii."

Tulichojifunza

Mzee alipotoka alikuwa na mengi ya kueleza, na njiani akawa mwalimu wangu.

Kwanza, wosia si kitu cha kuandika mara moja ukafungia. Kustaafu ni wakati wa kuusoma upya, kwa sababu mali imebadilika: mafao yameingia, kingine kimeuzwa, kingine kimejengwa. Vivyo hivyo mtoto akizaliwa, mtu akioa, akiachana, au msimamizi uliyemtaja akifariki.

Pili, kukata kwa kalamu na kuchomeka jina pembeni ni kutafuta kesi. Andika mpya, weka tarehe, sema wazi kuwa unafuta wa zamani, tia sahihi mbele ya mashahidi. Kwa wanaofuata sheria ya mila hapa Tanzania, anayejua kusoma na kuandika anahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mwingine asiye wa ukoo. Asiyejua, wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Mrithi asiwe shahidi.

Tatu, dini ina uzito wake. Muislamu anaweza kuusia mpaka theluthi moja tu ya mali inayobaki baada ya mazishi na madeni, na si kwa mrithi halali, isipokuwa warithi wengine waridhie.

Nne, fomu za mfuko wa pensheni, benki na bima hazijibadilishi zenyewe eti kwa kuwa umeandika wosia. Kila moja ifuatilie kivyake.

Tano, usiufiche mpaka usionekane. RITA wanahifadhi wosia, na wakili pia anaweza. Mzee akaacha droo, akaupeleka RITA.

Kikao cha Pasaka

Pasaka mzee alituita wote, hata kaka akapanda basi kutoka Mwanza. Hakusoma wosia. Alisema mawili tu: mama ataishi nyumba hii maisha yake yote, na watoto wote wamo. Kaka akainama. Nikajua limemchoma, maana tangu utotoni alikuwa akiambiwa nyumba ni yake.

Kisha mzee akamgeukia: "Vile vyumba vya nyuma, nani kajenga?"

Kimya. Mume wangu akawa anaangalia viatu vyake.

"Ni mdogo wangu na shemeji," kaka akasema.

"Basi iandikwe, na wewe utie sahihi uwe shahidi."

Akatia. Baadaye nilimkuta uani, nikamshika mkono. Hatukuongea sana, lakini alikula pilau yangu sahani mbili.

Kwa hiyo wewe unayejenga kwenye kiwanja cha wakwe au wazazi, maneno ya "hapa ni kwenu" ni matamu, lakini omba karatasi mapema, wakati wote mnacheka.

Usiku ule mimi na mume wangu tukaona na sisi tuanze. Tukatoa faili zetu, tukazitandaza kitandani. Fomu yangu ya kazini ilikuwa na jina la marehemu bibi. Tukacheka. Halafu tukafungua yake ya bima ya maisha, aliyoijaza kabla hatujajuana. Mnufaika: mchumba wake wa zamani!

Tuliongea mpaka saa nane usiku. Ofisi zilipofunguliwa tu, fomu ilibadilishwa.