Kupitisha Nyaya za Umeme Katika Ukuta wa Ndege Unaozuia Moto

Katika nchi kadhaa, hasa Marekani, wako watu wanaojiundia ndege ndogo katika karakana za nyumbani kwao. Chama chao mashuhuri, Experimental Aircraft Association, kiliundwa mwaka 1953 katika jimbo la Wisconsin. Sehemu kubwa ya kazi ya waundaji hao huonekana wazi, kama vile mabawa, mkia na injini. Lakini ipo kazi ndogo isiyoonekana baada ya ndege kukamilika, ambayo yaweza kuamua kama rubani atatua salama moto ukizuka. Nayo ni kupitisha nyaya za umeme kutoka chumba cha rubani hadi kwenye injini.

Kati ya injini na chumba cha rubani pana ukuta mwembamba wa bati la chuma. Mbele ya ukuta huo kuna petroli, oili na mabomba ya moshi yenye joto kali. Nyuma yake iko miguu ya rubani. Bomba la petroli likipasuka na kushika moto, kazi ya ukuta si kuuzima moto huo, bali kuuzuia mpaka rubani afunge petroli na kuishusha ndege. Kanuni za Marekani za ndege ndogo, kama zilivyokuwa kabla ya mageuzi ya mwaka 2017, zilitaka ukuta ustahimili mwali wa nyuzi 1,100 hivi za sentigredi kwa dakika 15. Bati la chuma kisichoshika kutu lenye unene wa milimita 0.38 lilikubaliwa bila kujaribiwa. Ingawa kanuni hizo hazikuwabana waundaji wa nyumbani, walio waangalifu huzichukua kuwa kipimo chao.

Hata hivyo, ukuta huo hauna budi kutobolewa. Stata, altaneta, magineto na vipimo vya joto la injini vyote huhitaji nyaya, na kila tundu laweza kuwa njia ya moto. Fundi aliyezoea magari huvisha tundu pete ya mpira. Pete hiyo hulinda waya usikatwe na ukingo wa bati kwa sababu ya mtikisiko, jambo ambalo lingeleta shoti. Lakini mpira huungua upesi, nailoni huyeyuka kabla ya nyuzi 300, na alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660. Pete ikitoweka, tundu hubaki wazi, na hewa inayoingia kwa kasi penye injini huusukuma mwali ndani. Hata pasipo moto, tundu lisilozibwa laweza kupitisha kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huizuia damu kubeba oksijeni. Rubani aweza kupoteza fahamu bila kutambua sababu.

Njia iliyo bora ni kutumia kipande kifupi cha bomba la chuma kisichoshika kutu chenye ukingo mpana. Tundu hutobolewa na kingo zake kulainishwa kwa tupa, kisha bomba hufungwa ukutani kwa bolti za chuma, si za alumini. Nyaya hupitishwa humo kwa pamoja, na nafasi inayobaki hujazwa gundi maalumu ya kuzibia inayostahimili moto. Mwishowe, ala ya nyuzi za kioo iliyopakwa silikoni huvikwa juu ya bomba na fungu la nyaya, ikabanwa kwa vibano vya chuma. Kwa jinsi hii kivuko cha nyaya hukaribia kuwa imara kama ukuta wenyewe.

Nyaya za magineto zahitaji uangalifu wa pekee. Magineto huzimwa kwa kuunganisha waya wake na bodi ya ndege. Ganda la waya likichubuka na shaba ikagusa bati, magineto huacha kufanya kazi. Kwa kuwa injini nyingi za ndege zina magineto mbili, ni busara kila waya upitie tundu lake, ili dhara moja lisizizime zote mbili. Waya mnene wa betri nao uwe na rilei karibu na betri yenyewe, ili rubani aweze kukata umeme kabla haujafika ukutani.

Kazi ikiisha, hukaguliwa kwa njia rahisi. Taa kali huwashwa upande wa injini wakati wa usiku, na mkaguzi huingia katika chumba cha rubani chenye giza. Kila penye mwanga pana upenyo unaopaswa kuzibwa. Ukaguzi huo hurudiwa kila mara waya mpya unapopitishwa, kwa maana gundi iliyokatwa ili kupisha waya mmoja haijizibi yenyewe.