Kabla hujanunua kompyuta ya injini, piga hesabu

NDUGU yangu mmoja anayesafirisha nyanya na viazi alinunua injini ya mtumba ya Toyota 3RZ, ya petroli, lita 2.7, ili aifunge kwenye pikapu yake ya zamani iliyokuwa ya kabureta. Injini ilikuwa nzima, ila ilifika na waya zimekatwa na kontroboksi haipo. Pikapu ikalala gereji wiki tatu huku mzigo ukibebwa na gari la kukodi.

Yaliyomkuta yanawakuta wengi. Anayekata gari bovu kule ng'ambo anachotafuta ni chuma, waya hana habari nazo. Mnunuzi wa huku ndiye anayegundua baadaye kwamba injini ya nozeli bila kompyuta yake haiwaki.

Kazi ya kontroboksi ni kusoma na kuamua. Sensa humwambia krenki imefika wapi, hewa inayoingia ni kiasi gani, maji yana joto gani na dereva amekanyaga mafuta kiasi gani. Kutokana na hayo huamua nozeli ifunguke kwa muda gani na plagi irushe cheche lini. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, krenki inazunguka mara 50 kila sekunde, kwa hiyo hesabu hiyo haina muda wa kusubiri.

Njia tatu za kuchagua

Njia ya kwanza ni kutafuta kontroboksi ya asili. Kwa gari la biashara ambalo halijabadilishwa kitu, hii ndiyo bora. Sharti namba iliyoandikwa kwenye boksi ilingane na ya injini hiyo, na upate waya zake pamoja na ufunguo kama ina kinga ya wizi. Kama gari ni la gia otomatiki, kumbuka kwamba mara nyingi kontroboksi hiyo hiyo ndiyo inayoongoza gia. Ukiitoa, gia nazo zitasumbua.

Njia ya pili ni kiboksi kidogo kinachofungwa kati ya sensa na kontroboksi ya asili ili kuidanganya iongeze au ipunguze mafuta. Ni rahisi kukifunga, lakini hakimsaidii mtu ambaye kontroboksi yenyewe hana.

Njia ya tatu ni kompyuta inayojitegemea, ambayo unaweza kuiseti mwenyewe kwa kompyuta mpakato. Zipo za bei ya juu za mashindano, kama MoTeC na Haltech za Australia na Link ya New Zealand. Ipo pia MegaSquirt, iliyoanzishwa na Wamarekani Bruce Bowling na Al Grippo mwaka 2001 kwa ajili ya watu wanaopenda kujifungia wenyewe kwa gharama nafuu.

Usichague kwa jina. Jiulize kwanza: nozeli ni ngapi na koili ni ngapi? Sensa ya krenki ni ya aina gani, na kompyuta hiyo inaielewa? Pima ukinzani wa nozeli kwa mita. Zenye omu 12 hadi 16 hazina shida, lakini zenye omu 2 hadi 4 zinahitaji kompyuta iliyotengenezwa kwa ajili yake, au rezista, la sivyo utaiunguza. Swali la mwisho ndilo kubwa: hapa mjini yupo fundi anayejua kuiseti? Kompyuta ya bei mbaya isiyo na fundi ni sawa na trekta lisilo na dereva.

Kufunga ni kazi ya subira

Weka kompyuta ndani ya gari, mbali na moto wa injini na maji. Umeme wake upitie relei na fyuzi yake. Waya zake za ethi zifungwe sehemu moja kwenye bloku ya injini, kwenye chuma kilichosafishwa kikang'aa. Ethi za sensa zirudi kwenye kompyuta, zisifungwe kwenye bodi. Waya wa sensa ya krenki uwe ule uliovikwa kinga, tena upite mbali na koili. Magari mengi yanayosemwa "kontroboksi imekufa" yana ethi mbovu tu.

Kabla ya kuwasha, toa fyuzi ya nozeli, piga stata na utazame kama kompyuta inasoma mizunguko bila kurukaruka. Kisha funga taimingi kwenye digrii 10 na uihakikishe kwa taa ya taimingi. Kinachoonekana kwenye kioo cha kompyuta na kilichopo kwenye puli vikitofautiana, usiendelee.

Kuseti ndiko kunakookoa injini

Petroli huungua kikamilifu kwa kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya mafuta. Injini inapobeba mzigo mzito inataka mafuta zaidi, kama 12.5 hadi 13 kwa moja kwa injini isiyo na tabo. Ili kuyaona hayo unahitaji sensa ya oksijeni yenye wigo mpana kwenye ekzosi. Ile ya kawaida ya gari huonyesha vizuri pale kwenye 14.7 tu. Anza na sailensa, kisha mwendo mwepesi, mzigo mzito uwe wa mwisho. Mmoja aendeshe na mwingine ashike kompyuta, si mtu mmoja kufanya yote mawili.

Jambo moja husahaulika sana. Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ina mgandamizo pungufu kwa karibu asilimia 18 kuliko ya Dar es Salaam. Kompyuta iliyosetiwa Mbeya kwa kufuata mkanyago wa mafuta peke yake, bila sensa ya mgandamizo wa hewa, itatoa mafuta pungufu gari likishuka pwani. Injini itagonga, itachemka, na pistoni inaweza kutoboka. Kwa gari la safari za juu na chini, sensa hiyo si anasa.

Ndugu yangu alichagua njia ya tatu, kwa kuwa pikapu ni ya gia za mkono na waya za asili hazikupatikana. Leo inabeba mzigo. Lakini ukijumlisha kompyuta, waya, sensa, ufundi na zile wiki tatu za gari la kukodi, injini "ya bei poa" ilimgharimu zaidi ya ile ya duka la pili iliyokuwa na waya na kontroboksi yake. Kwa hiyo unapokwenda kununua injini, fungua macho kwenye waya kwanza, ndipo uulize bei.