Mifupa ya Mama Baada ya Hedhi Kukoma

Mama wa miaka 60 ateleza kisimani, ajikinga kwa kiganja, na mkono wavunjika penye kifundo. Mjukuu wake ateleza papo hapo, ainuka, acheka. Jirani mmoja asema ni uzee tu. Mwingine anong'ona kwamba pana mkono wa mtu. Sisi twakana yote mawili. Mfupa ule ulikuwa umepungua ndani kwa miaka mingi, kimya, pasipo maumivu yoyote, na sababu zake zajulikana.

Wengi hudhani mfupa ni kitu kikavu kama nguzo ya nyumba. Sivyo. Mfupa u hai, wapitiwa na damu, nao hubomolewa na kujengwa upya daima, kidogo kidogo. Ni kama vibarua wa namna mbili, wabomoao na wajengao. Katika mwili wa mwanamke yuko na kapita awazuiaye wabomoaji wasipite kiasi: ndiyo maji ya mwili yaitwayo estrojeni, yatokayo hasa katika viungo vya mayai ya uzazi. Hedhi ikikoma, mara nyingi karibu na miaka 50, kapita huyo hupungua sana. Wabomoaji hushika kasi, wajengaji hawawafikii tena. Katika miaka mitano hadi saba tu mama aweza kupotewa na asilimia 10 ya mifupa yake, wengine hata 20. Daktari Fuller Albright wa Boston, Marekani, ndiye aliyeonyesha jambo hilo waziwazi katika miaka ya 1940 na 1941. Ugonjwa wenyewe huitwa osteoporosisi, nao huvunja hasa kifundo cha mkono, uti wa mgongo na nyonga.

Lakini mbona mama huyu avunjika, na mwenziwe wa rika moja havunjiki? Hawakuanza sawa. Aliyekoma hedhi kabla ya miaka 45, au aliyetolewa viungo vya mayai kwa upasuaji, hupoteza mapema. Mwembamba sana yumo hatarini kuliko mnene, na vilevile yule ambaye mzazi wake alivunjika nyonga. Tumbako na pombe nyingi huongeza hasara.

Kuna na jambo moja ambalo hatupendi kulipita upesi. Masokoni kwetu huuzwa vidonge vya deksametazone bila karatasi ya daktari. Mmoja huvimeza kwa maumivu ya mgongo, mwingine ili anenepe na kusifiwa na majirani. Dawa hii ni njema mkononi mwa daktari. Ikimezwa miezi na miezi hudhoofisha mifupa ya kijana, sembuse ya mama ambaye hedhi imekoma! Unene ule nao ni wa bandia. Lakini aliyekwisha kuizoea asiikatishe ghafula, maana mwili waweza kuzimia. Aende kwa mganga wa zahanati aipunguze kwa taratibu.

Akina mama huuliza pia kama uzazi mwingi na kunyonyesha ndivyo vilivyokula mifupa yao. Swali hili lilichunguzwa kwa miaka mingi katika kijiji cha Keneba, nchi ya Gambia. Mama anyonyeshaye hupungukiwa kweli, ila mtoto akiachishwa ziwa mifupa hurudi. Watoto basi wasisingiziwe. Tena kulionekana huko jambo la kustaajabisha, lililochapwa mwaka 1996: bibi wazee wa Keneba, waliopata chokaa kidogo sana chakulani mwao, mifupa yao ilikuwa myepesi kuliko ya wanawake wa Uingereza, walakini waliovunjika walikuwa wachache. Maana yake, uzito wa mfupa si kitu pekee kinachoamua. Mwendo, nguvu za miguu na namna ya kuanguka vina neno pia.

Chokaa hiyo, ambayo madaktari huiita kalsiamu, twaipata wapi? Katika maziwa, kwa anayeweza kuyanunua. Kwa wengine, katika ndagala waliwao pamoja na miiba yao, na katika sombe. Jua nalo huutengenezea mwili vitamini D, ambayo bila hiyo chokaa haiingii vizuri. Bibi mgonjwa anayefungiwa chumbani mchana kutwa huikosa.

Kutembea, kulima na kubeba mzigo wa kadiri huimarisha mfupa. Lakini mama aliyepungua kimo, au ambaye mgongo wake umeanza kupinda, huenda pingili zake zimekwisha kubonyea. Asibebe tena mfuko wa makala, wala asiiname kunyanyua ndoo iliyojaa. Watoto wake wachote maji, na usiku wamwachie taa karibu na kitanda.